Sebene Niliyoizuia

4 Agosti

Ziwa limefungwa. Hakuna mtumbwi wa kuvua sambaza, dagaa wetu wa hapa, utakaoingia majini mpaka samaki wazaliane, na ziwa likifungwa Gisenyi nzima hununa. Wavuvi wanazurura, wauza samaki wanauza nyanya, na sisi wa bendi ya Orchestre Amsha Nengo hatuna wa kumchezesha isipokuwa watalii wachache wanaopiga makofi pasipotakiwa.

Naanza kuandika leo kwa sababu moja tu. Kijana mmoja wa Kigali, Rugwiro, ametengeneza filamu na anataka nimtungie muziki. Mimi, Mukagatare Epiphanie. Si Onésphore, kiongozi wetu. Nitaandika kila ninalolifanya ili kesho asije mtu akasema kazi hii kaifanya yeye. Onésphore huja na wimbo anaoupiga mluzi, mimi naupa mifupa, nyama na nguo: tarumbeta ziingie wapi, saksafoni ijibu nini, waimbaji waitikie vipi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini kwenye kila kaseti yetu imeandikwa "Mtunzi: Onésphore". Nimechoka kuwa mpishi asiyeitwa mezani.

6 Agosti

Rugwiro amefika nyumbani na kompyuta kwapani. Kakulia Kampala, Kiswahili chake kinachechemea. Changu ni cha Tabora, nilikokulia ukimbizini, na hapa mtaani wanakicheka kwamba kimevaa tai. Tukaelewana hivyo hivyo.

"Mama, kwa ile harusi nilisikia tarumbeta zinaongea," alisema. "Nikauliza nani anaandika hii kitu. Wakasema ni ule mama anakaa nyuma ya ngoma."

"Anakaa nyuma ya ngoma kwa sababu hakuna aliyemwekea kiti mbele," nikamwambia.

Akacheka. Mimi sikucheka.

Filamu inaitwa *Sahani ya Pili*. Kijana mvuvi anatoka jioni na wenzake, upepo unapindua mitumbwi, wenzake wanaogelea, yeye haonekani. Mwili haupatikani. Mama yake kila siku anaendelea kumwekea sahani mezani. Nilitazama mpaka mwisho, na muda wote nilikuwa namwona jirani yangu Uwamahoro.

Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa miti tu. Mwanawe Janvier alikwenda hivyo hivyo, mwaka juzi. Kwetu msiba una mwisho wake: ukishazika, baada ya siku chache ndugu wanakusanyika, watu wanaoga, pombe inanywewa, majembe yanarudi shambani, na mama wa marehemu anaruhusiwa kucheka. Ndiyo kuondoa kilio, gukura ikiriyo. Lakini Uwamahoro hakuzika kitu, basi hakuna aliyethubutu kumwondolea kilio. Yumo humo ndani mpaka leo, kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Uwamahoro aliponiuliza yule kijana wa Kigali alitaka nini, nilimjibu ni filamu ya wavuvi. Sikuendelea.

9 Agosti

Upepo na vumbi. Sikuandika hata noti moja.

12 Agosti

Nimewaambia bendi. Kelele!

"Ayiwe! Epifa amekuwa mutu wa sinema!" Onésphore alipiga saluti, gitaa shingoni. "Bon. Na sebene yangu utaiweka wapi?"

Anaposema sebene *yangu* hakosei sana. Wimbo wetu huanza polepole, waimbaji wanabembeleza, watu wanashikana viuno. Kisha gitaa la Onésphore linapiga mwito mmoja mfupi, unaopanda na kubaki hewani, na papo hapo nusu ya pili, ndiyo sebene, inawaka: ngoma zinakimbia, gitaa linachemka, kila mtu yuko uwanjani. Mwito ule unajulikana hapa na ng'ambo Goma. Watoto wanaupiga kwa midomo wakienda shule.

"Itakuwepo," nilimwambia.

"Nzuri. Muziki bila sebene ni bugali bila mboga."

Muhamadi, mpiga besi wetu, ambaye analala Goma na kuvuka mpaka kila siku na besi mgongoni, aliniuliza jambo moja tu: "Na jina? Wataandika ya nani?"

"Yangu."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukaza nyuzi.

20 Agosti

Naandika. Naandika kama kwenye kwaya nilikofundishwa, do re mi kwa herufi, na kuimba kwa sauti mpaka majirani wanapiga ukuta. Sheria yangu ni ile ile niliyoishi nayo maisha yangu yote: usiache tundu. Dansi likiwa na tundu, mchezaji anakumbuka kiti chake. Basi kila mahali filamu ilipokaa kimya, nimeziba. Saksafoni hapa, itikio pale. Penye upepo unaopindua mitumbwi nimeweka sebene, kwa sababu mawimbi yanakwenda kasi nayo inakwenda kasi. Inaingia kama mkono kwenye glavu.

23 Agosti

Tumerekodi. Tarumbeta zililia mpaka nikasisimka. Mimi ni hodari, na leo naliandika mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kuliandika.

30 Agosti

Nimetoka kuaibika mbele ya mtaa mzima.

Rugwiro alitaka kuona watu wa hapa wataipokeaje filamu kabla haijakamilika. Mchana tukafunga mapazia ya ukumbi wa hoteli tunakopigia, tukatundika shuka jeupe, wakaja majirani, wavuvi wasio na kazi, na wauza nyanya waliokuwa wauza samaki mwezi uliopita. Uwamahoro naye alikuja. Akakaa karibu na mlango. Nilimwona, na nikajiambia nitamweleza baadaye.

Mwanzo ulikuwa shwari. Watu walitikisa vichwa, wakaitambua mitumbwi, wakabishana ni ya nani. Kisha upepo ukaanza kwenye filamu, mitumbwi ikayumba, na gitaa la Onésphore likapiga mwito.

Mvuvi mmoja nyuma akasimama. Sidhani alijua kama amesimama. Akafuata wa pembeni yake, halafu mstari mzima, halafu viti vikasukumwa ukutani na ukumbi wote ukawa uwanja. Walicheza mbele ya shuka, vivuli vyao vikafunika picha. Kijana wa filamu alikuwa anazama mgongoni mwa watu wanaotikisa mabega. Rugwiro alikuwa anapiga kelele, "Please, kaeni chini! Kaeni!" na hakuna aliyemsikia, kwa sababu muziki wangu ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Onésphore alisimama na mikono wazi kama askofu.

Nami nilifurahi. Niseme kweli: kwa muda ule nilifurahi sana. Hakuna aliyewahi kuinuka kwa muziki huku akijua ni wangu.

Kisha nikamwona Uwamahoro. Alikuwa anacheza. Uwamahoro, ambaye tangu Janvier apotee hajainua mguu hata harusini kwa mpwa wake, alikuwa amefunga kitenge kiunoni, macho kafumba, anacheza vizuri kama zamani. Akageuka. Akafumbua macho, na mbele yake kwenye shuka mkono wa kijana ulikuwa unaingia majini.

Alisimama ghafla hata mtu akamgonga. Akawapasua watu mpaka nilipokuwa.

"Epifa," alisema, "umenichezesha mutoto akizama."

Akatoka. Sebene ilikuwa bado inaendelea, maana niliiandika ndefu.

31 Agosti

Nimebisha kwa Uwamahoro asubuhi na jioni. Redio yake inasikika ndani. Hafungui.

2 Septemba

Madamu Munezero, mwenye filamu, amenipigia kutoka Kigali. Rugwiro hakumficha kitu.

"Mama Epiphanie, hatuwezi kuwa na filamu ya msiba ambayo watu wanaicheza. Kuna kijana hapa anafanya muziki kwa kompyuta. Ataweka sauti za kuomboleza na filimbi."

"Filimbi?" nilimwuliza. "Nani huku mtaani Nengo amewahi kufiwa na filimbi?"

"Watu wa nje wanaelewa filimbi."

"Basi watu wa nje watengeneze ziwa lao na wazame humo. Nipe wiki mbili."

Nilidhani atakata simu. Akanipa, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kitu. Nilipoweka simu chini nilikuwa na hasira, hasa kwa sababu alikuwa na haki. Nimekosea. Lakini kosa ni langu, na nitalisahihisha mimi, si kompyuta.

5 Septemba

Uwamahoro amekuja mwenyewe, na beseni la nyanya ambazo hazikununuliwa. Akaliweka chini, akakaa.

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Reka! Nyamaza kwanza. Ulipashwa kuniambia hii filamu ni ya nini. Hiyo nimeshakukasirikia, imeisha. Lakini sha, we unafikiri ni kucheza ndiyo iliniuma? Kucheza ilikuwa tamu. Iliniuma juu gitaa ilisema inakuja, na ikakuja kweli. Mimi naendaka kwa beach kila asubui. Nasikia makasia, nasema huyu ni yeye. Inakaribia, inakaribia, kisha ni mutoto ya mwingine. Mu filamu yako kila kitu kinakuja. Kwangu akuna kitu kinakuja."

Hakulia. Mimi nililia, yeye akanitazama kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akaniuliza kama nina chumvi, tukapika nyanya zake.

6 Septemba

Nimejua la kufanya. Mwito wa gitaa utapigwa, na sebene haitakuja. Filamu nzima.

10 Septemba

Nafuta. Leo nimeondoa saksafoni zote. Jana niliondoa waimbaji. Inaniuma kama kunyoa nywele za mtoto wangu, na nyingine ni nzuri, naapa, kuna itikio la tromboni ambalo nitalililia mpaka uzeeni. Imebaki besi ya Muhamadi, tarumbeta moja, mwito wa gitaa, na kimya. Mimi niliyeziba matundu maisha yangu yote, sasa nayachimba.

Pale mama anapoweka sahani na kukaa kuikabili, besi inatembea, tarumbeta inauliza, gitaa linapiga mwito, basi. Hakuna kitu. Unasikia kijiko. Mwito unarudi tena anapokwenda ufukweni, kisha maji tu. Kila safari mtu wa Gisenyi atangoja kwa mwili wake wote, na kila safari atanyimwa. Hapo ndipo atajua yule mama anaishi vipi.

11 Septemba

Mvua ya kwanza. Bati linapiga ngoma kuliko mpiga ngoma wetu.

14 Septemba

Vita.

Nimewaonyesha bendi karatasi mpya. Onésphore alitafuta sebene, akageuza, akatafuta tena.

"Iko wapi?"

"Haimo."

"Haimo kusema nini?"

"Kusema haimo. Utapiga mwito, utaacha."

Aliweka gitaa chini taratibu, na akiliweka taratibu ujue ni hatari. "Epifa. Batu watasema nini? Watasema Onésphore amezeeka, vidole vimekufa, anaanza na hawezi kumaliza. We unataka kuniua ndani ya sinema? Juu ya jina? Ndiyo, najua ni jina! Miaka yote unaninunia juu ya kaseti."

"Nakununia, ndiyo. Na nina haki. Lakini hili si la kaseti."

"Bendi ni yangu."

"Bendi ni yako. Muziki huu ni wangu. Ukikataa, nitakwenda nao na besi peke yake, na ikibidi nitaimba mwito kwa mdomo wangu mbovu, lakini sebene haiingii humo. Si yako, si ya mtu yeyote."

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Onésphore akachukua gitaa akaondoka, na watu wa tarumbeta wakamfuata, mmoja akitazama nyuma. Akabaki Muhamadi.

"We hauendi?" nikamwuliza.

"Mvua inanyesha," alisema. "Na mimi mwenye kuvuka mpaka na hii besi kila siku, leo niende wapi? Twende tangu mwanzo."

17 Septemba

Mvua. Rugwiro amepiga simu mara mbili: wiki mbili zimepita, Madamu Munezero anauliza. Nimemwambia amwambie nafanya kazi.

19 Septemba

Tulikuwa tunarekodi, Muhamadi na mimi, na mpiga tarumbeta aliyerudi jana kimyakimya kama paka. Mwito nilikuwa naupiga kwa kinanda na ulikuwa unachekesha, sitajidanganya. Mlango ukafunguka, Onésphore akaingia, kalowa, gitaa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Niko nasikia kutoka inje," alisema. "Hiyo kinanda yako ni matusi kwa mama yangu."

Nilikuwa na majibu mengi. Nikayameza, nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha lile tukio la sahani bila muziki. Hakuwa amewahi kulitazama vizuri. Siku ile ya ukumbini alikuwa anatazama watu wakimchezea. Alitazama mpaka kijiko kikasikika. Alikuwa mmoja wa waliomtafuta Janvier ufukweni kutwa nzima, mpaka kwenye mawe ya ng'ambo. Nilikuwa nimesahau hilo. Hasira husahaulisha.

"Unaniomba nibishe hodi," alisema mwishowe, "halafu nisiingie."

"Ndiyo."

"Ni ngumu, Epifa. Vidole vinajua njia. Vitaenda vyenyewe."

"Vizuie."

Akavizuia. Mara ya kwanza vilimponyoka, na ya pili. Ilipokwenda sawa aliuacha mwito hewani na kulibana gitaa kifuani kwa mikono yote, na chumbani hakuna aliyepumua mpaka Rugwiro, aliyekuwa akitusikiliza kwenye simu ya Muhamadi, alipouliza kama mtandao umekatika.

Nimemkasirikia Onésphore nusu ya maisha yangu. Bado nitamkasirikia. Lakini hakuna mwingine ambaye angeweza kuacha vile.

27 Septemba

Madamu Munezero amesikia. Amesema ni nzuri, amelia sana. Kisha, "Mwishoni tu, Mama, majina yanapopita, tuwekee ile sebene. Watu watoke na furaha."

"Hapana."

"Dakika moja."

"Wakitaka furaha wanunue Fanta wakitoka. Kijana harudi, Madamu. Hata majina yakipita, harudi."

Akaniambia bado anaweza kumpa yule wa kompyuta. Nikamwambia ampe, ila jina langu alitoe lote, nisikutwe hata pembeni. Hapo Rugwiro, aliyekuwa naye kwenye simu na niliyemdhania mwoga, akaingilia, Kiswahili chake kimevunjika kabisa: "Madamu, kama Mama inatoka, mimi pia inatoka." Madamu akasema sawa.

Nimewahi kumwita Rugwiro kifaranga katika kurasa nilizozichana. Naliondoa neno hilo.

30 Septemba

Nimemweleza Uwamahoro kila kitu kitakachoonekana, tukio kwa tukio, na kwamba ana haki ya kutokuja. Akasema atafikiri.

3 Oktoba

Ukumbi ule ule, shuka lile lile, watu wale wale na zaidi. Wengine walikuja na viatu vya kuchezea, walikuwa wamesikia habari za onyesho la Agosti. Uwamahoro alikaa mbele kabisa. Nilikaa kando yake.

Mwito wa kwanza, wa upepo, ulipopigwa, viti vililia. Nusu ya ukumbi ilikuwa imeinuka, ikingoja sebene. Haikuja. Yakabaki maji. Walikaa wakichekacheka kwa haya, mtu akasema mashine imeharibika. Mwito wa pili waliinuka wachache. Wa tatu hakuna aliyeinuka, lakini nilisikia pumzi zikizuiwa safu kwa safu. Mwisho mama akaweka sahani. Besi ikatembea. Gitaa likabisha hodi. Shuka likawa jeusi, na juu ya weusi, katika kimya, likaandikwa: *Muziki: Mukagatare Epiphanie.*

Nilikuwa nimejiandaa kwa jina hilo miaka yote, na lilipokuja sikulitazama. Nilikuwa namtazama Uwamahoro. Alikuwa bado ametega sikio, anangoja.

"Epifa," alisema. "Sebene iko wapi?"

"Haikuja."

"Eh. Haikuja."

Akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniuma. Nyuma yetu watu walianza kupiga makofi, na Onésphore alikuwa anapaza sauti, "Ni Epifa! Ni Epifa aliandika, si mimi!" kama mtu anayekana wizi.

Nilimsindikiza Uwamahoro mpaka langoni kwake. "Kesho napika," alisema hapo. "Naondoa kilio."

"Watu watasema bila mwili haiwezekani."

"Waseme. Nimechoka kuomba ziwa ruhusa. Liko na mutoto yangu, sasa linataka na mimi? Wapi!"

4 Oktoba

Ziwa limefunguliwa. Mitumbwi inatoka leo jioni. Asubuhi kwa Uwamahoro ndugu walikuja, wengine wakinung'unika kwamba hili halijawahi kufanyika. Aliwapa maji wakanawa, akawapa pombe, wakanywa, na alipotaka kujua nani bado ananung'unika, hakumpata. Viatu vya Janvier, vilivyokaa mlangoni tangu siku ile, alivitoa mwenyewe.

Alasiri tulipiga uwanjani kwa hoteli, kama kila ziwa linapofunguliwa. Rugwiro alikuwepo na vifaa vyake. Wimbo ulipoanza polepole, lango likafunguka akaingia Uwamahoro, kitenge kipya, kichwa juu. Watu wakampisha. Akaja mpaka katikati, akasimama, akanitazama mimi nyuma ya ngoma.

Rugwiro aliinua kipaza sauti chake. Nikamwendea, nikakishusha kwa mkono.

"Hii si ya filamu," nilimwambia.

Kisha nikamgeukia Onésphore, nikamwashiria kwa kidevu. Akapiga mwito, nasi tukampa Uwamahoro sebene yote.